Kabla ya kununua mashine ya kusaga mabaki jikoni, jua bomba lako linaishia wapi

Na Mwandishi Wetu

TANGU Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, sura ya mji huo imekuwa ikibadilika. Nyumba za kuishi, nyumba za kulala wageni na migahawa vimeongezeka, na jiko la ndani lenye sinki na bomba si jambo la kushangaza tena. Hali ni hiyo hiyo Lamadi, wilayani Busega, mji mdogo ulio jirani na Ziwa Victoria na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Anayejenga jiko la aina hiyo hukutana na vifaa vingi madukani na katika matangazo. Kimojawapo ni mashine ndogo ya umeme inayofungwa chini ya sinki, ambayo husaga mabaki ya chakula na kuyapeleka kwenye bomba pamoja na maji. Mwenye nyumba huambiwa kwamba hatahitaji tena ndoo ya uchafu, hatasikia harufu na hataona nzi jikoni.

Kifaa hicho ni kizuri kwa kazi kilichotengenezewa. Lakini kwa mkazi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, swali la kwanza si bei yake. Swali ni je, bomba la sinki lako linaishia wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama mashine itakupunguzia kazi, au itakuwa inasaga chakula cha kuku wako na mbolea ya bustani yako na kukujazia shimo ambalo utalipia kulinyonya.

Mashine hii ni ipi?

Mashine ya kusaga mabaki ilibuniwa mwaka 1927 na Mmarekani John W. Hammes, mbunifu wa majengo wa mji wa Racine, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1938 alianzisha kampuni ya kuitengeneza, na baada ya muda ikawa kifaa cha kawaida katika nyumba nyingi za Marekani.

Wengi hudhani ndani yake kuna visu. Ukweli ni kwamba kuna sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi kwa nguvu ya mota. Juu ya sahani hiyo kuna vipande vya chuma vinavyoyarusha mabaki pembeni, ambako kuna pete yenye meno makali. Mabaki husagika dhidi ya pete hiyo hadi yawe kama uji, kisha maji huyasukuma kwenda kwenye bomba.

Huko ilikobuniwa, bomba hilo huingia kwenye mtandao wa maji taka wa mji, na mtandao hupeleka uji huo kwenye mitambo ya kusafisha. Pale penye mitambo ya kisasa, tope linalobaki huvundikwa na kutoa gesi inayozalisha umeme au joto. Mji mdogo wa Surahammar nchini Sweden ulianza kuhamasisha wakazi wake kufunga mashine hizi mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiwa na mtambo wa kuvuna gesi hiyo.

Hata huko nje si kila mahali palipozikubali kwa urahisi. Jiji la New York lilizizuia katika maeneo yenye mabomba ya zamani kwa kuhofia mabomba hayo kuzidiwa, na zuio hilo likaondolewa mwaka 1997.

Shimo halimezi kila kitu

Katika miji yetu mingi, Bariadi ikiwemo, nyumba zenye sinki hutegemea shimo la maji taka lililochimbwa ndani ya kiwanja. Wenye uwezo hujenga tangi la zege la kutuliza uchafu, likifuatiwa na shimo la kufyonza maji.

Tangi hilo hufanya kazi kwa kutenganisha. Vitu vizito huzama na kuwa tope chini, mafuta huelea na kufanya utando juu, na maji yaliyo katikati hutoka kwenda shimo la kufyonza na kuingia ardhini. Vijidudu hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Ndiyo maana kila baada ya muda tangi huhitaji kunyonywa.

Mabaki yaliyosagwa yakiingia humo hayapotei. Huongeza tope chini na mafuta juu. Tangi ambalo lingekaa muda mrefu bila kunyonywa hujaa mapema. Baya zaidi, chembe ndogo zikitoka pamoja na maji huziba vitundu vya udongo katika shimo la kufyonza. Shimo likishaziba, maji hurudi nyuma au hutokeza juu ya ardhi, na tiba yake mara nyingi ni kuchimba jingine. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ambao hufyonza maji polepole hata bila uchafu, tatizo huja haraka zaidi kuliko kwenye udongo wa kichanga wa luseni.

Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, nchi ambako mashine hizi zinatumika kuliko kwingi, linawashauri wenye matangi ya aina hiyo majumbani wapunguze au waache kuzitumia. Mwaka 2023 shirika hilo lilipotoa orodha ya njia za kushughulikia mabaki ya chakula, kuyapeleka kwenye bomba la maji taka kuliwekwa miongoni mwa njia za mwisho, pamoja na kuyatupa dampo na kuyachoma moto. Kulisha mifugo na kutengeneza mboji vilikuwa juu ya hapo.

Umeme si tatizo, maji ndiyo tatizo

Wapo wanaohofia kwamba mashine hii itakula umeme. Tupige hesabu. Mashine ya kawaida ya nyumbani hutumia wati 400 hadi 600. Tuchukue wati 500, itumike dakika sita kwa siku. Hiyo ni nusu ya kumi ya uniti kwa siku, au uniti moja na nusu kwa mwezi. Mwenye mita ya LUKU hataliona sana.

Maji ni hesabu nyingine. Mashine haitakiwi kuwashwa bila bomba kuwa wazi, la sivyo uji hukwama njiani. Bomba likitoa lita nane kwa dakika, dakika sita ni lita 48 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo mbili za lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 1,440, sawa na madumu 72 ya lita 20.

Simiyu ni mkoa wenye kiangazi kirefu, na uhaba wa maji ndiyo sababu ya kubuniwa mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria, ambao mwaka 2017 ulipitishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa. Hata kwa aliyefungiwa bomba, maji hayo yana bili. Zidisha madumu 72 kwa bei ya dumu mtaani kwako, ndipo utajua gharama ya kusukuma maganda kwa mwezi.

Kinachotupwa kina thamani gani?

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, ikiwa ni pamoja na sehemu zisizoliwa kama maganda na mifupa. Asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Wastani wa dunia ni kilo 79 kwa mtu kwa mwaka katika kaya.

Kwa wastani huo, familia ya watu sita hutoa kilo 474 kwa mwaka, yaani kilo moja na robo hivi kwa siku. Mama lishe, muuza chipsi au mwenye mgahawa hutoa zaidi ya hapo, kwa kuwa kila debe la viazi lina maganda yake na kila ndoo ya juisi ina makapi yake.

Kwa watu wa Usukumani, kutunza kisichohitajika leo ili kifae kesho si somo geni. Viazi vitamu hukatwa na kuanikwa vikawa michembe, majani ya kunde hukaushwa yakawa nsansa, na malisho hutengwa katika ngitili ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Mabaki ya jikoni yanastahili hesabu hiyo hiyo.

Njia ya kwanza: Kuku, mbuzi na nguruwe

Njia rahisi kuliko zote ni mifugo. Maganda ya viazi vitamu, majani ya mboga, punje za wali na ukoko wa ugali ni chakula cha ziada kwa kuku wa kienyeji. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa humpa kuku anayetaga madini ya chokaa. Hata hivyo, mfugaji azingatie yafuatayo:

Kwanza, chakula chenye ukungu kisipewe mfugo wowote. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuwa na sumukuvu, sumu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuku na bata nao hudhurika, na kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Pili, vyakula vyenye chumvi nyingi, kama mabaki ya dagaa waliotiwa chumvi, vinaweza kuua kuku na nguruwe, hasa wakikosa maji ya kutosha.

Tatu, maganda ya muhogo mbichi yana sumu. Yaanikwe juani hadi yakauke vizuri kabla ya kulishwa, na ya muhogo mchungu ni salama zaidi yakienda kwenye mboji. Maganda ya viazi mviringo yaliyogeuka kijani nayo yaende kwenye mboji. Maganda na kokwa za parachichi wasipewe kuku.

Nne, mbuzi na ng'ombe wasipewe ugali, wali au nafaka nyingi kwa mkupuo. Tumbo lao limeumbwa kwa ajili ya majani. Wanga mwingi wa ghafla huchachuka tumboni na mnyama anaweza kufa usiku mmoja. Maganda ya ndizi na ya viazi vitamu kwa kiasi hayana shida.

Tano, anayefuga nguruwe achemshe mabaki yote ya mgahawani kabla ya kuwalisha, na asikubali kabisa mabaki yenye nyama ya nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika huenea kwa njia hiyo, haina tiba, na inaweza kumaliza zizi zima.

Njia ya pili: Mboji ya shimo

Mabaki yasiyofaa kwa mifugo hufaa kwa mboji. Kwa hali ya hewa ya Simiyu, mboji ya shimo ni bora wakati wa kiangazi kuliko ya lundo, kwa sababu shimo hutunza unyevu. Masika likijaa maji, hamia kwenye lundo lililoinuliwa na kufunikwa.

Chimba mashimo mawili chini ya kivuli, mbali na kisima, kila moja lenye upana wa mita moja kwa mita moja na kina cha sentimita 60. Anza na moja. Chini tandika mabua ya mahindi au mtama yaliyokatwa vipande vifupi, unene wa sentimita 15 hadi 20. Juu yake weka mabaki ya jikoni, sentimita tano hadi 10. Fuatisha samadi ya ng'ombe au mbuzi, kisha nyunyiza majivu kidogo na udongo wa juu. Rudia hatua hizo hadi shimo lijae, ukinyunyizia maji kila safu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kwa kazi hii. Mwisho funika kwa nyasi.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila ndoo moja ya mabaki mabichi ifuatwe na ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Mabichi yakizidi mboji hunuka. Makavu yakizidi haiozi.

Chomeka kijiti kirefu katikati ya shimo. Baada ya siku kadhaa kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa cha baridi na kinanuka, geuza na uongeze vikavu. Kila baada ya wiki mbili hamishia mboji kwenye shimo la pili, cha juu kiwe chini. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo uliopata mvua.

Usiweke plastiki, vioo, mafuta ya kukaangia wala mabaki ya nyama, ambayo huvuta mbwa na panya. Mifupa ya samaki izikwe katikati kabisa. Mkulima wa pamba asitumie miti ya pamba kwa mboji: kanuni za zao hilo zinataka masalia yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasipate mahali pa kujificha.

Ni vyema pia kuwa mkweli kuhusu kiasi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23 za naitrojeni, na mboji ya jikoni haiwezi kufikia hapo. Haitaondoa haja ya mbolea katika ekari za pamba au mahindi. Lakini inatosha kwa bustani ya nyanya, mchicha, sukuma wiki na vitunguu, hata bustani ya gunia. Viganja viwili katika kila shimo la mche hulisha mmea na husaidia udongo wa luseni kushika maji, jambo ambalo mbolea ya dukani pekee haifanyi.

Njia ya tatu: Gesi ya kupikia

Mwenye ng'ombe wa zizini anaweza kufikiria mtambo wa biogesi. CAMARTEC, kituo cha Serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, kimekuwa kikisimamia ujenzi wa mitambo hiyo katika kaya. Samadi ndiyo chakula chake kikuu, ila mabaki ya jikoni yaliyokatwakatwa yanaweza kuongezwa kidogo kidogo. Hapa ndipo kusaga kuna maana, kwani kilichosagwa huoza haraka na tope linalotoka ni mbolea. Mtambo nao unataka maji kila siku, hivyo upimwe kwa hesabu ile ile.

Fursa kwa wafanyabiashara

Kwa wenye migahawa na mama lishe, mabaki yaliyotenganishwa ni bidhaa. Yaliyochanganywa na mifuko, vijiti na majivu ya sigara ni uchafu wa kulipia kuuondoa. Ndoo mbili zenye mifuniko zinatosha: moja ya maganda na majani mabichi, nyingine ya chakula kilichopikwa. Mfugaji apite kila siku kuzichukua kabla ya giza, kwa malipo mtakayokubaliana, iwe fedha, mayai au mboga. Ndoo zioshwe na kuanikwa kila siku, kwani nzi ndio hubeba maradhi ya kuhara kutoka ndoo hadi sahani ya mteja.

Utaratibu huu unaendana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozipa halmashauri jukumu la kusimamia taka ngumu, ikiwemo kuhimiza kuzitenganisha zinakotoka.

Kama tayari umefunga mashine

Aliyekwisha kuinunua hana sababu ya kuing'oa. Aitumie kwa punje na vipande vidogo vinavyobaki wakati wa kuosha vyombo, na si kwa maganda ya debe zima. Afungulie maji baridi kwanza, awashe, kisha atie kidogo kidogo. Baada ya kuzima aache maji yapite sekunde 15 hadi 20.

Asitie mifupa mikubwa, maganda ya mahindi, makapi ya muwa, maganda ya ndizi, mafuta, wala ugali na wali mwingi, ambao huvimba na kuganda kama gundi ndani ya bomba. Ikikwama, azime umeme ukutani kabla ya jambo lolote na asiingize mkono. Mashine nyingi zina tundu chini yake la kuzungushia mota kwa spana maalumu, pamoja na kitufe chekundu cha kuiwasha upya. Na tangi likaguliwe mapema kuliko zamani.

Kwa ambaye bado yuko katika kupanga, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka ndoo mbili jikoni kwa wiki moja. Pima kilo za kila ndoo kila jioni na uziandike. Andika pembeni pesa unayotumia kununua pumba za kuku, mboga za bustani na kunyonya shimo. Ukimaliza wiki hiyo ndipo uende dukani kuulizia bei ya mashine, ukiwa na karatasi yako mkononi.